Marisau Yasimwagike

Mume wangu alipofariki, watu walipanda ngazi zetu na sufuria za wali, sambusa, na ushauri. Chakula tulikimaliza. Ushauri ulibaki nyumbani muda mrefu, na karibu wote ulihusu bunduki.

Bunduki yenyewe ni ndogo, ya mtutu mmoja mwembamba, na ilitengenezwa Liège, mji wa mafundi bunduki hapa Ubelgiji, kabla baba yangu hajazaliwa. Hapa huiita ya milimita kumi na nne. Maduka ya bunduki ya Brussels hayauzi tena risasi zake. Ukiuliza, muuzaji anakutazama kama mtu aliyeingia kutafuta sindano ya gramafoni. Kwa hiyo mwenye bunduki hiyo ana njia moja tu. Anakuwa na maganda yake ya shaba, anayapakia kwa mkono, anayapiga, anayaosha, kisha anayapakia upya. Maganda ya plastiki huchoka haraka. Ya shaba, ukiyatunza, yatakuzika.

Nyumbani kwetu Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, ghorofa ya tatu, mpakiaji nilikuwa mimi na mpigaji alikuwa yeye. Alikuwa fundi wa breki katika karakana ya tramu, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa isiyoweza hata kutunga uzi kwenye sindano. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda klabuni, nje ya jiji, kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani na mashine. Ijumaa jioni, baada ya chakula, nilitandika gazeti juu ya meza ya jikoni, yeye akaleta baruti kutoka kwenye kabati lake la chuma, tukafunga mlango ili mtoto asiingie, nami nikaanza kazi.

Kazi hiyo niliitoa mbali. Nilizaliwa milimani, juu ya Uvira, mashariki ya Kongo, na baba yangu alikuwa na bunduki ya namna hiyo hiyo, ya kuwindia kanga waliokuwa wakifukua mahindi yetu. Alinifundisha kupakia nikiwa bado na meno ya utoto, kwa sababu alisema vidole vya mtoto wa kike ni vyembamba na havina papara. Kaka zangu walinuna. Aliwajibu kwamba wao watapiga, na kwamba nyumbani kwake anayepakia hapigi na anayepiga hapakii, ili kila mmoja awe na mtu wa kumjibu. Unaweka fataki, kile kidude cha kuwasha baruti, kwenye kitako cha ganda. Unamimina baruti. Unashindilia kizibo cha karatasi ngumu, kisha kizibo kingine kinene na laini, kisha unamwaga marisau, zile punje ndogo za risasi. Mwisho kabisa unafunika kwa kizibo cha juu, chembamba, unakisukuma kwa kidole gumba mpaka kikae. Basi, umemaliza.

Sheria nyingine ya baba ilikuwa ya kubeba. Bunduki ilibebwa begani, mdomo ukiangalia juu, siku zote. Kuelekeza mdomo wa bunduki ardhini lilikuwa kosa kubwa kwetu, la kupigwa kofi hata kama umeshaota ndevu, maana ardhini wamelala wazee wetu, na nani anayewaelekezea wazee wake bunduki? Sikuwahi kuihoji sheria hiyo, kama ambavyo sikuwahi kuhoji kwa nini mtu hamwiti mama mkwe wake kwa jina.

Huku Ulaya nilibadilisha vifaa tu. Kizibo kigumu nilikikata kwenye vile vibao vya karatasi ambavyo baa huweka chini ya glasi za bia. Mume wangu alivileta kutoka Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, mifuko ya koti imejaa, mpaka mhudumu wa baa moja akamuuliza kama anajenga nyumba. Kizibo laini nilikikata kwenye kofia kuukuu za sufu tulizonunua sokoni Jumapili, pale kwenye stesheni ya Gare du Midi. Yeye alikaa upande wa pili wa meza akinipa ganda moja moja. Jumamosi mchana alirudi ananukia baruti, akayamwaga maganda matupu kwenye sinki, akasema, "Hakuna hata moja ilikataa, mama." Alisema hivyo kila juma, na kila juma nilivimba kichwa. Maji ya kuoshea maganda yalikuwa na utando wa mafuta, nikadhani ni masizi. Mara nyingine nilimkuta na nta ya nyuki chini ya kucha. Alisema ni ya kung'arishia kitako cha bunduki, na kitako kweli kiling'aa.

Kisha siku moja ya kazi, siku ya kawaida kabisa, moyo wake ukasimama. Tulimzika hapa hapa, katika udongo mzito wa Brussels.

Baada ya mazishi ikaja barua ya serikali. Ilieleza kwa adabu kwamba silaha ya marehemu haiwezi kubaki kwa mtu asiye na kibali. Naweza kuiuza kwa mwenye kibali, naweza kutafuta kibali mimi mwenyewe kwa kufanya mtihani wa maandishi na wa kupiga, au naweza kuikabidhi kwa polisi ikapondwe. Kuiuza ilikuwa ndoto; nani anunue bunduki isiyo na risasi madukani? Nilipokuwa bado naamua, ilihifadhiwa na rafiki wa mume wangu wa klabuni, mzee Mbelgiji mwenye vibali vyote.

Mwanangu, wa pekee, ambaye sasa ana kazi yake ofisini na nyumba yake Anderlecht, alikuja Jumapili akiwa ameshaamua kwa niaba yangu. Tunazungumza Kiswahili cha kwetu, ambacho ndio ni njo na wa ni ba, kilichochanganyika na Kifaransa.

"Maman, tuirudishe tu, donc c'est fini. Bataiponda, et voilà."

"Bataiponda sababu ya nini? Ni mihogo?"

"We haujapigaka bunduki hata siku moja. Papa njo alikuwaka anapiga."

"Na nani alikuwaka anapakia? Bila mimi babako angeenda kule kupiga makofi."

"Bon. Alors, utafanya nayo nini?"

"Nitafanya examen."

"Maman, uko na cinquante-huit ans."

"Hamsini na nane, na kisha? Kwani balisema examen ni ya batoto?"

Alishika kichwa. Sikumweleza sababu, kwa kuwa wakati ule hata mimi nisingeweza kuieleza vizuri. Sasa naweza. Nyumba ya baba ilichomwa wakati wa vita, na vyombo, picha na bunduki vikaishia humo. Shamba lilichukuliwa na watu nisiowajua. Kupika nilijifunza upya kwa vyakula vya huku, na kazi yangu ya kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee nilifundishwa huku, kwa cheti. Katika yote niliyofunzwa kwetu, kimoja tu kilivuka nami kikiwa kizima, nacho kilikuwa mikononi mwangu. Bunduki ile ikipondwa, mikono yangu ingebaki haina kitu cha kufanya kilichotoka nyumbani. Niliapa haitapondwa mimi nikiwa hai.

Klabu iliruhusu wanafunzi wapige chini ya usimamizi, na mzee yule akakubali kunisimamia. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kujibu hata ukimuuliza saa. Kila Jumamosi alinichukua mlangoni kwa gari lake. Sheria za silaha nilizikariri kwenye tramu na wakati wa mapumziko kazini, na mtihani wa maandishi nikaufaulu. Kupiga kulikuwa jambo jingine. Siku ya kwanza aliponipa bunduki yake, kubwa kuliko yetu, mwili wangu ulikataa. Sauti ile niliijua kwa upande wa wanaokimbia. Ilipotoka mikononi mwangu mwenyewe nilikaa kwenye majani na kulia mbele ya wanaume waliokuwa wakinywa kahawa yao.

Mzee alisubiri. Nilipofuta uso aliniuliza kama naendelea. Nikajikaza kisabuni, nikamwambia naendelea. Nilirudi nyumbani na bega limevilia damu, na Jumamosi iliyofuata nikampelekea bega lile lile.

Tuligombana juu ya kitu kimoja. Kule klabuni, ukiwa na risasi ndani na unasubiri zamu yako, mdomo wa bunduki lazima uangalie chini, mbele yako. Mimi nilikuwa nauinua kila mara bila kujua. Nilimweleza habari za baba na wazee walio ardhini. Alifikiri, kama kawaida yake, kisha akasema kwa Kifaransa chake cha taratibu kwamba anawaheshimu wazee wangu, lakini hapa watu wanapita na mbwa wao nyuma ya ua, na udongo ndio pekee ambao hauumii. Nilikubali kwa mdomo. Mikono ilichelewa sana kukubali.

Mpaka hapo nilikuwa nikipiga kwa bunduki yake na risasi za dukani. Risasi za mtihani, za kuingia kwenye bunduki yetu, nilizipakia gerejini kwake, kwa baruti yake, mbele ya macho yake, maana mimi sikuwa bado na ruhusa ya kukaa nayo. Nilifurahi kuyashika tena maganda yale. Nilipomaliza, mzee alichukua moja, akaigeuza geuza, akasema, "Madame, labda nta kidogo pale juu, kuzunguka kizibo?"

Nikamjibu kwamba baba yangu hakuwahi kutumia nta.

"Basi tuzijaribu kwanza, kabla ya siku yenyewe."

Nilimkatiza. Nilimwambia risasi zangu zimejaribiwa kila Jumamosi miaka na miaka, na hakuna hata moja iliyowahi kukataa, na kama ana shaka angemuuliza mume wangu alipokuwa hai. Mzee aliinamisha kichwa, akairudisha risasi kwenye kisanduku.

Siku ya mtihani kulikuwa na manyunyu. Msimamizi alikuwa mwanamke mwenye miwani ya njano, mkavu wa maneno lakini hana ubaya. Nilisimama kwenye jukwaa la saruji, nikaingiza risasi, nikafunga bunduki, na safari hii mikono yangu ilitii: nikaushusha mdomo chini, kama nilivyofundishwa, nikasubiri ruhusa. Nilijivuna kwa kutii.

Nikasikia kitu kikidondoka kwenye saruji, punje moja, kisha nyingine. Kisha yakaporomoka yote pamoja, kama mtu aliyepasua mfuko wa uwele. Nilitazama chini. Marisau yangu yalikuwa yanabingirika kati ya viatu vyangu, yakitoka kwenye mdomo wa bunduki, na kizibo changu cha juu kilianguka nyuma yake, kikalala kwenye maji.

"Fungua bunduki, Madame," msimamizi akasema. "Usipige. Fungua."

Nikafungua. Tukajaribu nyingine, na nyingine. Kila nilipoinamisha mdomo, kizibo kiliteleza na marisau yakamwagika. Nyuma yangu mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Msimamizi aliandika, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba risasi isiyokaa ndani ya ganda lake ni hatari, na kizibo kikikwama ndani ya mtutu ni hatari zaidi, na kwamba naweza kurudi siku nyingine kujaribu tena, mara moja tu. Nikishindwa mara hiyo, maombi yangu yatafungwa na bunduki itakwenda polisi.

Nilikuwa nimeshaelewa kabla hajamaliza. Kwa baba bunduki iliangalia juu. Uzito wa marisau ulikaa kwenye baruti, na kizibo cha juu hakikuwa na kazi zaidi ya kuzuia vumbi. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kufunga risasi ya kuinamishwa, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuinamisha.

Jambo ambalo sikulielewa ni mume wangu. Yeye alipiga hapa hapa, kwa sheria hizi hizi. Nilimfuata mzee kwenye maegesho, nikamuuliza imekuwaje risasi za marehemu zisimwagike. Mzee alitoa funguo mfukoni. Kisha akafungua buti la gari, akatoa kikopo cha bati cha dawa ya viatu, akanipa. Ndani mlikuwa na nta ya nyuki, na juu ya nta mlikuwa na alama za kidole gumba kipana ambacho ningekitambua popote.

"Alikuwa akija mapema kuliko wote," akasema. "Alikaa pale kwenye benchi, akailainisha kwa vidole, akaipaka kwenye kila risasi, pembeni mwa kizibo. Mwaka wa kwanza zilimmwagikia kama zako. Kopo alilihifadhi kwangu, usilione. Aliniomba nisikwambie, nami nikaahidi. Leo imenibidi."

Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka. Nawaza wanawake wengine wangelia; mimi nilitaka kumrushia mtu kitu. Miaka yote ile alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikaa mezani kwangu akiniangalia nikikosea, akanivisha kilemba cha ukoka, akaenda kurekebisha kazi yangu kwa siri mbele ya wanaume, kisha akarudi kuniambia hakuna hata moja iliyokataa. Wao wote klabuni walijua. Mimi peke yangu nilikuwa bingwa.

"Madame, aliniambia na sababu..." mzee akaanza.

"Sababu zake akae nazo huko huko."

Nilikataa gari lake. Nilipanda basi, kisha treni mpaka Gare du Midi, nikatembea kwenda nyumbani nikiwa nimelowa chapachapa. Jikoni nilimgombeza mume wangu kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Kumkasirikia marehemu ni kazi ngumu sana. Hajibu, na ukimnunia haji kukubembeleza.

Mwanangu alipiga simu jioni.

"Alors, maman? Ilikuwa je?"

"Ilimwangika."

"Nini ilimwangika?"

"Yote."

"Donc c'est fini?"

"Nilikuambia imeisha? Uliona nimelala kaburini?"

Kikopo cha nta nilikifungia kabatini. Nilisema sitafunga risasi zangu kwa uongo wa mtu. Baba alinifunza nusu ya kazi, mume wangu alinificha nusu nyingine, sasa nitaitafuta mwenyewe. Nilianza Jumatatu. Nilichukua maganda matupu, bila fataki, bila baruti, na mahali pa marisau nikaweka dengu, kwa kuwa ndizo zilizokuwa kabatini. Vibao vya bia nilivichuna tabaka kwa tabaka mpaka nikapata unene niliotaka, nikakata vizibo vya juu vipana kidogo kuliko vya zamani, vinavyoingia kwa kusukumwa kweli. Kisha nikayaning'iniza maganda midomo chini kwenye kamba ya nguo jikoni, kwa vibanio, kati ya soksi na taulo, na chini yake nikatega sahani.

Usiku ule ule sahani zilijaa dengu. Nikakata vizibo vipana zaidi. Vikapinda. Nikavilowesha ili vilainike. Vilipokauka vikasinyaa na kuanguka. Nikajaribu gundi ya karatasi, ikapasuka. Nilikwenda kazini na ganda moja mfukoni mwa aproni, mdomo chini, maana nilitaka lione taabu: kuinama, kupanda ngazi, kunyanyua watu kitandani. Siku ya pili bibi mmoja ninayemhudumia alikuta dengu kwenye shuka zake, akaniuliza kwa utulivu kama supu imechelewa. Nilizikusanya zote nikimwomba radhi, naye akaanza kila asubuhi kuniuliza mambo yanaendeleaje mfukoni.

Iliyokubali mwishowe ilikuwa gundi ya mbao, mstari mwembamba tu, unaozungushwa pembeni mwa kizibo kwa kijiti cha meno na kuachwa ukauke bila haraka. Haraka ndiyo iliyoniponza mara nyingi, mimi niliyesifiwa kwamba vidole vyangu havina papara. Ganda lile lilikaa mfukoni juma zima. Lilipanda tramu, lilishuka ngazi, liliinama nami mara nisizoweza kuhesabu. Nilipolitikisa mbele ya bibi yule, dengu zote zilikuwa ndani. Alipiga makofi polepole, kwa mikono yake yenye jongo.

Nilirudi kwa mzee. Sikuomba radhi, nilimwonyesha tu. Alilibonyeza kwa ukucha, akaligonga mezani mdomo chini, akatingisha kichwa kukubali, akaleta baruti. Tulizijaribu kabla, safari hii, na mimi ndiye niliyesema tuzijaribu.

Siku ya mtihani wa pili msimamizi alikuwa yule yule wa miwani ya njano. Aliponiona alizitazama risasi zangu kwanza, kisha mimi. Niliingiza moja, nikafunga, nikaushusha mdomo chini. Alichelewesha ruhusa makusudi, nilijua, na sikumlaumu. Nilisimama vile nikiutazama udongo wenye unyevu. Mume wangu yuko katika udongo huo huo, nikafikiri, si kule kwa wazee wangu. Naye aliuelekezea bunduki kila Jumamosi bila haya, halafu anakuja kula wali wangu. Nilikuwa bado na hasira naye, na hasira ile ilinishikilia miguu isitetemeke.

Hakuna kilichodondoka.

"Piga," akasema.

Kisahani cha kwanza kilinipita, na cha pili pia. Cha tatu nilikifuata kwa utulivu, nikavuta, kikapasuka vipande vipande juu ya majani. Sitasema nilipiga vizuri baada ya hapo. Nilipiga vya kutosha. Msimamizi aliweka sahihi, akanipa mkono, akaniuliza nani amenipakia risasi zile. Nilimwambia ni mimi. Akasema hajaona mpigaji anayejipakia mwenyewe kwa vibao vya bia, nami nikamwambia kwetu pia hawajamwona.

Mzee alinirudisha kwa gari lake. Tulipofika karibu na mataa ya kuingilia mjini, niliona kwamba kushinda hakukunitosha. Bunduki ilikuwa yangu, kwa jina langu.

"Ile sababu yake," nikasema. "Niambie sasa."

Alifikiri mpaka taa ikawaka kijani.

"Nilimuuliza mwaka ule wa kwanza," akasema. "Nikamwambia, si umweleze tu mkeo, ni jambo dogo, atarekebisha. Akasema: mke wangu hazungumzi habari za kwao. Nikimuuliza, anaosha vyombo. Ijumaa tu, mikono ikiwa kwenye maganda, anazungumza mwenyewe, wala hajui kama anazungumza. Nikimwambia kuna kosa, ataanza kuitazama mikono, atanyamaza. Hivyo ndivyo alivyosema."

Nilitazama dirishani mpaka tukafika mlangoni kwangu. Ni kweli sikujua. Nilidhani ninafanya kazi na kupiga porojo za kazi. Lakini nikikumbuka vizuri, nilimwambia yote pale mezani: njia ya kushuka mtoni, harufu ya nyumba baada ya mvua, jinsi mama alivyoficha chumvi, na usiku tuliokimbia, na nani tulimwacha wapi. Kidogo kidogo, Ijumaa hii hivi, Ijumaa ile vile. Yeye hakuuliza hata swali moja. Alinipa ganda, akanipa ganda jingine. Nilipanda ngazi zangu, nikakaa jikoni bila kuvua koti, na hapo ndipo nilipomlilia mume wangu sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, kwa sababu nilikuwa nimejua nimepoteza nini.

Kabati la chuma lilirudishiwa bunduki na baruti. Ijumaa ya kwanza nilitandika gazeti, nikakaa, nikaanza. Vidole vilikwenda. Mdomo haukwenda. Nilipakia ganda moja, la pili, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba nilisikia friji ya jirani. Kiti cha mbele yangu kilikuwa kitupu, na mtu mwingine pekee aliyekuwa na haki ya kukalia kiti kile nilikuwa nimemfungia mlango kila Ijumaa ya utoto wake, kwa ajili ya baruti. Niliacha kazi, nikampigia mwanangu simu, nikamwita Papa, kama mama wa kwetu anavyomwita mwanawe wa kiume.

"Papa, Ijumaa inakuja utakuwa huku."

"Kufanya nini, maman?"

"Kukaa."

"Kukaa tu? Mi sijue kupakia ile vitu."

"Nani alikuambia upakie? Mi njo nitapakia. We utanipatia moja moja."

Alikuja, amechoka na kazi, akakaa akiwa na simu mkononi. Nilimwonyesha namna ya kunipa ganda, kitako kwanza. Akanipa la kwanza. Fataki haijakaa vizuri mahali pake, nilikuwa nimeshaanza kumweleza kuhusu kaka yangu mdogo aliyekufa njiani tukamwacha chini ya mawe, kwamba alikuwa mcheshi na mwoga wa mvua, na kwamba jina lake ndilo hili tulilompa yeye.

Mwanangu aliiweka simu chini. Akashika ganda la pili, hakunipa.

"Njo jina yangu?" akauliza.

"Njo yako," nikamwambia. "Patia mi ganda."